Nani apige hodi? Ziara za nyumbani kwa mgonjwa wa akili: muuguzi, mhudumu wa jamii au aliyepitia

Mgonjwa ameruhusiwa. Ana karatasi ya wodini, bahasha za kaki zenye vidonge na kadi yenye tarehe ya kliniki. Wiki mbili za kwanza nyumba nzima macho kwake: kala, kalala, kameza dawa? Ikifika wiki ya tano kaka karudi kazini, dada kaenda kwake, mama kabaki peke yake na funguo za mlango. Ndipo swali linapoulizwa, mara nyingi kwa kunong'ona: hivi hakuna mtu wa kuja kumwona hapa hapa nyumbani?

Wapo, ila hawafanani. Kwa Tanzania na Kenya, anayepiga hodi huwa mmoja wa hawa watatu. Kuna muuguzi wa afya ya akili, awe wa hospitali ya serikali, wa mradi au wa kulipwa na familia. Kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayeishi mtaa huo huo na anayepita kwenu hata kwa habari za chanjo na vyandarua. Na kuna aliyepitia: mtu aliyeugua mwenyewe, akatulia, sasa anawatembelea wenzake. Viongozi wa dini nao hufika, nitawagusa kidogo mbele.

Niseme mapema ninapoegemea. Cheo cha mgeni si kipimo cha kwanza. Kipimo ni kujua kwenu kinaharibika nini kwanza: dawa, nguvu za mlezi, au maisha ya mgonjwa yaliyosimama. Familia zikimchagua mgeni kwa ukubwa wa jina la hospitali yake, mara nyingi hupata ziara moja nzuri sana, kisha kimya.

Ninayemzungumzia ni mtu mwenye skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo), baipola (hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi), au sonona (huzuni nzito isiyoondoka) iliyomlaza kabisa. Mwenye sonona ya kawaida, kama anaweza kutoka, afadhali atoke. Huko Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi, ambapo kina bibi waliofundishwa huketi na mtu na kumsaidia kuchambua shida zake moja moja. Naamini kuoga, kuvaa na kutembea mpaka kwenye benchi nako ni dawa. Mtu wa namna hiyo kumfuata chumbani kila wiki kunaweza kumzoesha chumba.

Kwenye dawa, muuguzi hana mpinzani

Mtazame muuguzi mzoefu akifika. Kabla ya swali lolote anamwangalia mgonjwa anavyotembea kutoka chumbani hadi sebuleni: mikono inacheza pembeni ya mwili au imekakamaa? Anaangalia ukosi wa shati kama umelowa mate. Anamwomba anyooshe mikono mbele aone kama inatetemeka. Kisha anaomba bahasha. Zilitolewa tarehe 3, vidonge 60, viwili kwa siku. Leo ni tarehe 17. Vilipaswa kubaki 32, vimebaki 48. Haongei. Anamgeukia mama: "Mama, samahani, naomba maji ya kunywa." Mama akishaingia ndani, anauliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hizi dawa zinakufanyaje?" Jibu linakuja lote kwa mkupuo: mwili mzito, usingizi mpaka saa nne asubuhi, na mambo ya kiume hamna. Hilo la mwisho asingelisema mbele ya mama yake hata kwa bakora.

Hapo muuguzi ana la kufanya. Anaweza kuwasiliana na daktari, kipimo cha dawa kikabadilishwa, dawa ya asubuhi ikahamishiwa usiku, au ikaongezwa ya kulegeza mwili. Mhudumu wa jamii anaweza kuhesabu vidonge vizuri vile vile, na wengi huhesabu kwa uaminifu, lakini akikuta 48 anachoweza ni kusihi na kuandika rufaa. Aliyepitia atamwelewa mgonjwa kuliko wote, kwa sababu naye aliwahi kuficha vidonge chini ya godoro. Ila hawezi kugusa kipimo, na akijaribu, mkataze.

Halafu kuna sindano. Wagonjwa wengi wa skizofrenia huku kwetu hutumia flufenazini ya muda mrefu, ile wengi wanayoijua kama Modecate, ambayo huchomwa kila baada ya wiki mbili hadi tano kadiri daktari alivyopanga. Dawa yenyewe imo ndani ya mafuta ya ufuta, nzito, huingizwa polepole kwenye msuli wa makalio. Si kazi ya mtu aliyesoma semina ya siku tatu. Na ina mtego wake. Vidonge ukiacha, familia inaweza kuona mabadiliko mapema. Sindano ikirukwa, dawa iliyobaki mwilini huendelea kufanya kazi kwa muda, mgonjwa anaonekana salama, watu wanasema "mbona amepona?" Kuja kuchafuka, yaani ugonjwa kurudi, ni baada ya wiki au miezi, wakati hakuna tena anayekumbuka kwamba sindano ilirukwa. Kama kwenu tatizo ni sindano, jibu ni muuguzi, au kumpeleka mgonjwa kituo cha afya cha karibu kinachochoma. Mjadala unaishia hapo.

Jambo jingine ambalo muuguzi hulijua kwa haraka: kijana aliyeanzishiwa dawa ya haloperidoli juzi tu, leo shingo imepinda, macho yamepanda juu, taya limekaza, ulimi unatoka. Nyumba inajaa majirani, kila mmoja na tafsiri yake, na aghalabu ni mashetani. Hayo ni madhara ya dawa, yanatibika kwa sindano kituoni, mara nyingi ndani ya dakika chache. Mhudumu wa jamii aliyefundishwa vizuri naye hulitambua, kwa hiyo mwulize waziwazi siku ya kwanza kama amewahi kuliona. Mwili ukikakamaa pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa, msisubiri mgeni yeyote. Hiyo ni hospitali usiku huo huo.

Kwenye kuja tena na tena, mhudumu wa jamii anashinda

Huduma zetu za akili zilianzia kwenye hospitali za mbali. Mathari ya Nairobi ni ya 1910, Mirembe ya Dodoma ni ya 1927. Mpaka leo sehemu kubwa ya wauguzi wa afya ya akili wako wodini, na hakuna anayeweza kuwalaumu, wodi zimejaa. Ziara ya nyumbani inahitaji gari, mafuta na mtu wa kubaki zamu. Ratiba huandikwa vizuri. Gari likichukuliwa kwa shughuli nyingine, ziara ya mwezi huo imekufa, na mgonjwa aliyekuwa ameanza kumzoea Sista anarudi nyuma.

Mhudumu wa jamii hana gari wala hahitaji. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Kenya ilizindua wa kwake mwaka 2023, watu laki moja, kila mmoja akiangalia kaya takriban 100. Mama wajawazito, watoto, kifua kikuu, vyoo, vyote viko begani kwao na afya ya akili ni kipande kidogo, kwa hiyo usitegemee makubwa. Lakini anapita. Anamwona mgonjwa dukani Jumanne, anamsikia kwa jirani Alhamisi, anajua kwamba tangu juzi taa ya chumba chake haizimwi usiku. Kukosa usingizi ni moja ya dalili za mwanzo kabisa za kuchafuka, hasa kwa mwenye baipola, na anayeigundua ni anayepita, si anayekuja kila baada ya miezi miwili.

Ushahidi upo pia. Katika wilaya ya Sodo, Ethiopia, utafiti uliochapishwa 2022 uliwafuata watu 166 wenye skizofrenia. Wote walipata huduma ya kituo cha afya. Karibu nusu waliongezewa mtu wa eneo lao, asiye daktari wala muuguzi, aliyefundishwa kuwatembelea nyumbani. Baada ya mwaka, ugumu wa kuendesha maisha ya kila siku ulikuwa umepungua zaidi kwa waliotembelewa. India walishapata matokeo ya mwelekeo huo huo mwaka 2014, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Shika jambo moja kabla hujashangilia: kote kuwili, ziara ziliongezwa juu ya kliniki. Hakuna aliyeambiwa aache kliniki kwa kuwa sasa anatembelewa. Familia zetu hufanya kosa hilo mara kwa mara, mhudumu akianza kuja, nauli ya kliniki inahamishiwa kwenye matumizi mengine.

Siri

Hapa matokeo yanageuka, na inategemea mnakaa wapi.

Muuguzi ni mgeni, hana shangazi mtaani kwenu, siri yake ni ya kazi. Lakini akija na gari lenye maandishi ubavuni na sare nyeupe, kufikia jioni mpaka muuza genge anajua. Mwombe asimamishe gari barabarani na avae nguo za kawaida. Waungwana hukubali bila maneno. Mhudumu wa jamii anaingia kwenu bila mtu kushtuka, maana anaingia kila nyumba. Ila ni jirani. Kikundi chake cha kukopeshana ndicho cha mama mkwe wa binti yenu. Kabla ya kumkubali, sikiliza anavyozungumza habari za nyumba nyingine. Akikusimulia ya watu kwa majina, yenu yatasimuliwa kwingine.

Na kwa yeyote kati yao, angalia anamsalimia nani kwanza. Anayeingia akauliza "huyu anaendeleaje?" huku mwenyewe amekaa pale pale kwenye kochi, ameshafeli. Mgonjwa ana jina, ana masikio, na mara nyingi ana shikamoo yake anayostahili.

Mlezi aliyeishiwa

Nimeona nyumba ambazo mgonjwa anaendelea vizuri na anayehitaji kutembelewa ni mama. Halali, presha imepanda, biashara ya vitafunwa imefungwa kwa sababu hawezi kutoka. Muuguzi mwenye wagonjwa sita wa kuwaona kabla ya saa nane hana muda wa mama. Mhudumu wa jamii huwa nao, na kama ni mwanamke wa rika lake, mazungumzo ya robo saa jikoni yanaweza kufaa kuliko ushauri wote uliotolewa sebuleni.

Lakini kwa mlezi, jibu bora pengine haliji kwa kupiga hodi kabisa. Utafiti wa KUPAA, uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya, uliwakutanisha wagonjwa na ndugu zao katika vikao vya familia kadhaa kwa pamoja, wajifunze ugonjwa na wasaidiane kutatua mambo ya nyumbani. Mama anayesikia mama mwingine akisema "na wangu alivunja tivii" anapata kitu ambacho muuguzi hawezi kukiandika kwenye kadi. Ukiwa hospitali, ulizia kama kuna kikundi cha namna hiyo. Kama kipo, kipe kipaumbele kuliko ziara.

Aliyepitia

Huyu ndiye adimu kuliko wote na ndiye anayedharauliwa zaidi na ndugu. "Kichaa kumhudumia kichaa?" Kenya kuna chama chao, Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, na kwingineko utawapata kupitia kliniki: mwulize muuguzi kama kuna mgonjwa wake wa zamani aliye imara na anayependa kuzungumza na wenzake.

Anachokifanya hakifanani na cha wengine wawili. Maisha yaliyosimama ndiyo eneo lake. Kijana ameacha chuo, hana rafiki, simu yake haiiti, anakula na kulala. Dalili zimetulia, muuguzi ameridhika, kadi inasema "hali nzuri". Halafu anakuja kaka wa miaka arobaini anayeendesha bajaji, anayechomwa sindano kila mwezi, ana mke na watoto. Hana somo la kutoa. Anasema twende tukanywe chai pale kona. Kwa kijana huyo, ni mara ya kwanza kuona kwamba ugonjwa huu una kesho. Ndugu wanaomkataa mtu wa aina hii kwa aibu wanajinyima bure.

Udhaifu wake ni kwamba naye anaweza kuchafuka, na asipokuwa na mtu wa kumwangalia anaweza kubeba mizigo isiyo yake. Asitumwe peke yake kama ndiye huduma nzima.

Kuhusu padri, mchungaji au shehe: akija kuomba na kuwafariji, ni neema. Masharti yangu ni mawili. Asiseme dawa ziachwe, na pasiwe na kufunga kamba, kufungisha mtu njaa wala kumpiga. Akivuka hapo, mlango ni ule.

Pesa

Mhudumu wa jamii na muuguzi wa serikali hawatozi kwa ziara. Muuguzi wa kulipwa hutoza anavyoelewana na familia, kwa hiyo kubalianeni kabla: nauli yake imo? Dawa na bomba la sindano ananunua nani? Asipomkuta mgonjwa, analipwa? Msidhani bima italipia ziara kwa sababu inalipia kliniki, ulizeni kwanza. Aliyepitia mpeni nauli na chai hata kama hakuomba.

Siku ya kuchafuka

Hakuna hata mmoja wa hawa watatu anayefaa kumkabili mtu aliyeshika panga au anayesema anataka kujiua usiku huu. Kumwita mhudumu wa jamii, dada wa watu mwenye begi na daftari, aje "kumtuliza" ni kumhatarisha. Panga mapema, mgonjwa akiwa mzima na yeye mwenyewe akishiriki: nani ana gari au bodaboda ya kuaminika, hospitali gani, ndugu yupi anayemsikiliza, mtendaji au afisa ustawi wa jamii yupi wa kupigiwa simu. Muuguzi mzuri atawasaidia kuuandika mpango huo katika ziara ya kwanza au ya pili. Asipougusa kabisa mpaka ya tatu, mkumbushe.

Basi mchague yupi?

Kama mgonjwa hapokei dawa, au zinamtesa, au ametoka wodini ndani ya miezi mitatu: tafuteni muuguzi, hata kwa kulipa, hata kwa ziara chache tu. Kama anatumia dawa za lithiamu au klozapini, ambazo zinataka vipimo vya damu, ziara haitoshi, kliniki ni lazima.

Kama ametulia na dawa anameza ila familia iko mbali na hospitali: mhudumu wa jamii kila wiki au wiki mbili, na kliniki tarehe zake. Kwa nyumba nyingi hili ndilo ningelichagua. Mpeni mhudumu namba ya simu ya muuguzi wa kliniki, wajuane. Bila uzi huo kati yao, kila mmoja anafanya nusu ya kazi.

Kama dalili zimeisha na maisha hayajarudi, aliyepitia. Kama anayeanguka ni mama, kikundi cha familia, na ndugu wagawane zamu badala ya kutuma pesa ya vocha.

Wanaosoma sana huuliza mbona hatuna timu kama za Marekani, zile zilizoanzia Madison, Wisconsin, miaka ya 1970 kwa kazi ya Leonard Stein na Mary Ann Test: mtumishi mmoja kwa wagonjwa kama kumi, saa 24, daktari, muuguzi na mtu wa ajira ndani ya timu moja. Ni nzuri, na ni ghali. Lakini London walipozipima na kutoa matokeo mwaka 2006, hazikupunguza siku za kulazwa kuzidi timu za kawaida za jamii, ambazo tayari zilikuwa zikiwatembelea watu majumbani. Tusikae tukisubiri kitu hicho huku mhudumu wa mtaa hajaombwa hata mara moja apite.

Limebaki la mgonjwa anayekataa wageni wote. Ana haki hiyo, na kumfungia mlango ili "aonwe" huvunja imani kwa muda mrefu. Msiseme mgeni ni rafiki wa baba aliyepita kusalimia. Akigundua, hatawaamini tena nyinyi wala dawa. Mwambieni ukweli, mpeni achague kati ya watu wawili, na achague mahali. Wengi wanaokataa nyumbani hukubali kibaraza cha msikiti, bustani ya kanisa au mgahawa. Akikataa na hayo, mgeni aje kwa ajili ya mama, akae jikoni, aondoke. Ziara ya tatu au ya nne, aghalabu mwenyewe hutoka chumbani kuuliza huyu ni nani.